Kitabu cha Akina Jean-Casimir

Jamhuri inayosimuliwa hapa haipo popote duniani, na raia wake wote milioni tisa watakuapia hivyo wakiwa wameinua mikono juu. Msomaji akihisi kwamba amewahi kuishi huko, basi ni homa tu. Anywe maji mengi.

Katika Jamhuri hiyo aliishi fundi viatu mmoja, Jean-Casimir Mutombwe, ambaye mtaa mzima wa Kilibwe ulimwita Kasimiri, kwa kuwa mtu anayeshona soli chini ya mwavuli uliotoboka haitwi jina refu. Alikuwa mpole, mwenye miaka arobaini na miwili. Alimwogopa mkewe kidogo na kuipenda gundi yake sana. Hakutaka kitu kingine duniani ila kuachwa apumue, na hadithi hii inaeleza jinsi pumzi hiyo ilivyoombewa kibali ofisini.

Chanzo kilikuwa chakula. Rais wa Jamhuri, Mheshimiwa Jemadari Jean-Casimir Mukwabo, Baba wa Mvua na Mlezi wa Barabara, alimwalika balozi wa ng'ambo kwa chakula cha mchana. Balozi, akitaka kumfurahisha mwenyeji wake, alimletea ukurasa uliochapwa kwao wenye orodha ya watu mashuhuri waitwao Jean-Casimir. Walikuwa watatu: askofu aliyefariki kwa kwikwi, mwendesha baiskeli, na mtengeneza vipimajoto. Rais aliusoma ukurasa mara mbili, akaugeuza kutazama kama jina lake limechapwa kwa nyuma, kisha akamchoma balozi uma kwenye kiganja. Mkono ukabaki umeshikamana na meza mpaka matunda yalipoletwa. Redio ya Taifa ilitangaza kwamba mazungumzo yalifanyika katika hali ya ukaribu.

Siku hiyo hiyo ikaundwa Tume ya Taifa ya Majina Mashuhuri, itoe kitabu chenye akina Jean-Casimir arobaini wa hapa hapa nyumbani. Mwenyekiti wake akateuliwa Bwana Domisiani Rugaza, aliyekuwa Mkurugenzi wa Makaburi kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mtu msafi, wa sauti ndogo na mwandiko wa kupendeza, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupitisha fomu yenye nafasi tupu. Alihamia Tume na kalamu yake, na maboksi sita ya fomu za Makaburi ambazo hazijatumika. Serikali ilimsifu kwa kutoagiza fomu mpya.

*

Kasimiri aliupata umashuhuri wake Jumatatu asubuhi, mlango wa nyumba yake ulipoingia ndani bila kufunguliwa. Nyuma ya mlango alikuwa Kapteni Zakayo Lumwe na askari wanne. Wakaukanyaga mlango huku Kasimiri akiwa chini yake. Kapteni alisimama juu, akanyoosha koti, akasoma kwa heshima zote kwamba Taifa linamtafuta raia aitwaye Jean-Casimir kwa lengo la kumtukuza. Halafu akainama na kuuliza, kupitia tundu la kitasa, ni jambo gani kubwa raia huyo amewahi kulifanya.

Kasimiri alijibu kwamba hajawahi kufanya lolote. Askari mmoja akaruka juu ya mlango mara mbili ili kumsaidia kukumbuka, ubavu mmoja ukalia kama kuni kavu, na kumbukumbu ikaja. Miaka kumi na saba iliyopita, kipa wa timu ya wilaya alipougua surua, Kasimiri alisimamishwa golini badala yake, akafungwa mabao kumi na moja.

"Kumi na moja katika mechi moja?" Kapteni aliuliza.

"Kipindi cha kwanza, afande. Cha pili mvua ilinyesha."

Kapteni akateremka mlangoni, akamwinua kwa mikono yake mwenyewe na kumpangusa vumbi. Alieleza kwamba hakuna mtu aliyewahi kufungwa kiasi hicho katika historia ya Jamhuri, na kwamba aliyefungwa hivyo akiwa na jina lile ni hazina ya vizazi. Nishani ikatolewa. Shati la Kasimiri lilikuwa limechakaa na lisingeweza kubeba uzito wa Taifa, kwa hiyo pini ilipitishwa kwenye ngozi ya kifua, ikakaa vizuri sana.

Isifichwe kwamba kwa wiki mbili aliufurahia umashuhuri huo. Watu walileta hata viatu vizima ili mradi waseme vilishikwa na yeye. Wazee waliokuwa wakimpita bila salamu walisimama kuuliza habari za bao la nane. Mkewe tu, Mama Noela, muuza mkaa, ndiye aliyekataa kufurahi. Alisema serikali ikishalijua jina lako lote, mpaka la ubatizo, hiyo si heri. Akamtaka aivue nishani. Kasimiri akajibu kwamba akiivua, damu itaanza kutoka upya. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa sababu.

*

Fomu arobaini zilipotimia, Bwana Rugaza alizipanga mezani na moyo ukamshuka. Chini ya tarehe ya kuzaliwa, kila fomu ilikuwa na mstari wa tarehe ya kufariki, na kila mstari ulikuwa mtupu. Mtu mwingine angeukata kwa kalamu, akaenda kunywa chai. Bwana Rugaza hakuwa mtu mwingine. Alimwandikia Rais kwamba kazi inasikitisha, fomu zote zina upungufu, na anaomba ruhusa zijazwe. Rais, ambaye hakusoma barua yoyote isiyomtaja katika mstari wa kwanza, akaandika pembeni: "Zijazwe zote. Upesi." Akasaini, akagonga muhuri.

Wa kwanza kujaziwa fomu alikuwa Jean-Casimir mwongoza kwaya wa shirika la reli. Risasi ilimpata akiwa ameinua mikono kuikaribisha sauti ya nne. Wanakwaya, wakidhani mlio ule ni maagizo mapya, waliimba kwa nguvu ambayo haijawahi kusikika, wakamaliza beti zote saba kwa kuwa hakuna aliyewateremshia mkono. Wa pili, bingwa wa kula mayai ya kuchemsha, alisukumwa kutoka ghorofa ya tano ya Wizara ya Utamaduni. Taarifa ilisema alifika salama hadi ghorofa ya kwanza. Wa tatu, daktari wa ng'ombe, aliwekewa mabomu mawili ya mkono mifukoni, moja la kazi na jingine la akiba. Redio haikutumia neno kuuawa. Ilisema "amekamilika," na familia ikaletewa nakala ya fomu ndani ya fremu, pamoja na shukrani za Tume na, pale ilipowezekana, mwili.

Wiki ya tano, Kasimiri alikuwa ameshaacha kuwasha redio. Ndipo Kapteni Lumwe akarudi. Safari hii alibisha hodi, ingawa mlango haukuwepo. Alileta barua nzuri yenye utepe: Ijumaa, saa nne asubuhi, Uwanja wa Taifa. Wote waliobaki watakamilishwa pamoja, mbele ya Rais, naye atapokea Kitabu. Mhusika aje amenyoa.

Mama Noela aliuliza mumewe amekosa nini.

"Hajakosa kitu, mama," Kapteni alisema. "Wenye makosa wana ofisi yao, tena wana mawakili. Huyu ni mashuhuri."

"Na asipokuja?"

"Tutamfuata hapa. Na vijana wangu, mama, wakishaingia ndani hawajui kuchagua."

Aliyasema kwa upole wa kweli, akaomba maji ya kunywa. Mama Noela akampa kwenye bakuli la mbwa. Kapteni akayanywa yote na kushukuru.

*

Jumanne Kasimiri alikwenda Tume kuomba afutwe. Bwana Rugaza alimpokea akiwa amesimama, akamvutia kiti, akamwambia kwamba jambo hilo linawezekana kabisa. Anayetaka kufutwa anatakiwa tu kuthibitisha kwamba hakuwahi kuwa mashuhuri. Yaani, kwa upande wake, kwamba mabao yale hayakuingia.

Kasimiri akauliza kama haiwezekani pale penye tarehe kuwekwa kistari, mambo yakaisha.

"Kistari," alisema Bwana Rugaza, na sura yake ikawa ya mtu aliyeuma kokoto katika maharage ya shule. "Ndugu yangu, mimi sina ubaya na uhai wako. Nina tatizo na nafasi tupu. Leo tukiweka kistari, kesho watu wataacha kuandika hata jina la mama."

Shauri lilisikilizwa Jumatano mbele ya wajumbe watano, wawili kati yao wakiwa macho. Kasimiri alieleza kwamba siku ile jua lilikuwa kali, mpira ulipita nje mara zote, na mwamuzi alikuwa mgonjwa wa macho. Tume ikamwita shahidi. Aliingia Sajenti Tobiasi Nkwale wa polisi, ambaye ujanani alifunga saba kati ya yale kumi na moja na tangu hapo hakuwa amefanikiwa katika jambo lingine. Aliomba ruhusa ya kumkumbusha mlalamikaji. Akapewa. Akavua kofia, akachomoa rungu.

Bao la kwanza, alisema Sajenti, lilikuwa la kichwa, akaonyesha kichwani. La pili lilipita katikati ya miguu. La tatu alilipiga kutoka mbali kwa mguu wa kushoto, kwa hiyo alirudi hadi mlangoni kuanza mbio upya, na wajumbe wakavuta viti kumpisha. La nne liliondoka na meno mawili. La tano na la sita yalifanana, akaomba radhi kwa kurudia. La nane hadi la kumi na moja yalikuwa ya wenzake, lakini Sajenti hakuwa mchoyo, aliyaeleza yote kwa ukamilifu. Kasimiri, akiwa amelala kwenye zulia la Tume na ulimi ukitafuta meno yake, alikiri bao moja baada ya jingine. Rungu lilipoinuliwa tena, akakiri na la kumi na mbili, ambalo halikuwepo.

Bwana Rugaza alisahihisha fomu mwenyewe. Akampa Kasimiri mkono wa pongezi. Kipa aliyefungwa kumi na mawili, ambaye pia ndiye raia wa kwanza kuomba asiwe mashuhuri, hakustahili kubaki namba thelathini na sita. Akapandishwa hadi namba tisa. Wakambandika nishani ya pili upande wa pili wa kifua, ili asiegemee.

Nyumbani, Mama Noela alimwosha damu. Baadaye alimwambia atoroke, ashike njia ya milimani, yeye atajua la kuwajibu. Kasimiri alitazama pale mlango ulipokuwa. Akasema wakija wasipomkuta yeye, watamkuta mkewe. Mkewe akamletea viatu vyeusi kutoka kwenye rundo la kazi, kwa kuwa vya fundi mwenyewe vilikuwa na matundu, na asingekubali nchi nzima imwone hivyo.

"Hivyo ni vya mteja," Kasimiri alisema. "Anavifuata Jumamosi."



*

Ijumaa uwanja ulijaa mapema, maana kila ofisi ilileta watu wake kwa malori na kuwahesabu wakishuka. Mashuhuri saba walipangwa mbele ya goli la kaskazini, Kasimiri katikati. Afisa wa itifaki aliona panamfaa. Mama Noela alisimama pembeni ya waandishi wa habari na mkokoteni wake wa mkaa, ameutandika mkeka safi. Hakutaka mwili wa mumewe uwe miongoni mwa ile isiyowezekana kuletwa.

Rais alihutubia.

"Wananchi," alisema, "kuna nchi zenye almasi. Kuna nchi zenye mafuta. Sisi tuna jina. Nani alimjua fundi huyu wa Kilibwe? Leo anajulikana, na atajulikana kwa muda wote uliobaki."

Mshika bendera ya makofi akainua bendera, makofi yakapigwa. Kisha Bwana Rugaza akapanda jukwaani na Kitabu, akaeleza kwa sauti yake ndogo kwamba zimebaki fomu nane, na kwamba kwa utaratibu zitajazwa kwa kufuata namba.

"Namba moja," alisoma. "Mheshimiwa Jemadari Jean-Casimir Mukwabo. Sababu ya umashuhuri: Rais. Tarehe ya kufariki: leo."

Mshika bendera, aliposikia jina la Rais, akainua bendera, na watu elfu arobaini wakapiga makofi.

Rais alikichukua Kitabu. Waliomjua walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona akisoma kitu kwa makini vile. Akamwambia Kapteni Lumwe ampige risasi mzee huyu mara moja. Bwana Rugaza hakukimbia wala kubishana. Alitoa barua mfukoni, akaikunjua.

"Kapteni, hii ni amri ya maandishi," alisema. "Zijazwe zote. Upesi. Hiyo nyingine umeisikia tu."

Kapteni akatazama barua. Akatazama mdomo wa Rais. Katika miaka kumi na minane ya jeshi hakuwahi kumwona mtu akifungwa kwa kutii karatasi.

"Naomba radhi, Mheshimiwa," alisema. "Hii ina muhuri."

Akampiga risasi mbili za shingo, kwa adabu.

Walinzi wa Rais hawakuwa na karatasi, ila walikuwa na bunduki kubwa ya kwenye gari, na wakaielekeza jukwaani na kufyatua. Askari wa Kapteni wakajibu. Bendi ya polisi, iliyokuwa katikati, ilipiga wimbo wa taifa kama ilivyofundishwa, na kila aliyekuwa akikata roho alijitahidi kusimama wima. Mawaziri walifia kwenye viti kwa mpangilio wa vyeo. Mmoja wa mashuhuri alipanda wavu wa goli, akabaki ananing'inia pale kama samaki. Kasimiri, ambaye miguu yake ilikuwa bado haijapona ushahidi wa Jumatano, alianguka kwa mlio wa kwanza kabisa, na wenzake wawili wakaanguka juu yake, wakazipokea risasi zilizokuwa zake.

Milio ilipokoma, alifumbua jicho na kuona viatu vilivyong'arishwa vizuri. Bwana Rugaza alikuwa akipita kati ya maiti, saa mkononi, damu ikimtoka sikioni, akijaza fomu. Akafika kwake, akainama.

"Ndugu yangu," alisema, "wewe bado."

"Bado, mzee."

"Na saa nne imepita. Si neno, nitasahihisha saa. Kapteni!"

Kapteni alikuja akichechemea, akaelekeza bastola kwenye paji la uso la Kasimiri. Halafu akasita. Alimwuliza Bwana Rugaza, kwa heshima, si Katiba inasema Rais lazima aitwe Jean-Casimir, ili maandishi ya chini ya picha ofisini yasibadilishwe? Na kama huyu ndiye wa mwisho, akishakamilika, kesho nani atasaini?

Bwana Rugaza aliishusha kalamu. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameonyeshwa nafasi tupu kubwa kuliko zake.

Hivyo Kasimiri aliapishwa akiwa amelala, mkono juu ya Kitabu. Walionusurika wakapiga makofi bila kuinuliwa bendera, kwa mazoea. Kapteni akapiga saluti na kuomba maagizo.

Mama Noela alikuwa amewageuza chali wanaume watatu waliolala kifudifudi kabla ya kumfikia wake. Alipomwona anapumua, alikaa chini kwenye nyasi kwanza. Kisha akamshika mkono.

"Baba Noela," alisema, "inuka twende nyumbani."

Naye alitaka kwenda. Lakini Bwana Rugaza alikuwa bado amesimama pale, na fomu namba tisa ilikuwa bado mkononi mwake, na macho yake hayakuweza kutoka kwenye ule mstari mmoja. Alisema taratibu kwamba si lazima iwe leo, Mheshimiwa, lakini kwa utaratibu itabidi iwe.

"Mpige risasi huyu," Kasimiri alimwambia Kapteni.

"Kwa maandishi, Mheshimiwa?"

Kasimiri akaomba karatasi. Karatasi pekee zilizokuwapo ni fomu za Makaburi, na mwenye nazo alikuwa Bwana Rugaza, aliyempa moja safi pamoja na kalamu yake. Rais mpya akaanza kuijaza kwa jina la Bwana Rugaza, polepole, kwa makini ya mtu anayeshona soli. Alipokwama, Bwana Rugaza alimtajia jina la mama yake mwenyewe, Verediana, na kumkumbusha asiruke wilaya. Penye sababu ya umashuhuri Kasimiri alifikiri kidogo, akaandika: mwandiko mzuri. Penye tarehe ya mwisho hakufikiri.

Bwana Rugaza aliisoma fomu kutoka juu hadi chini. Hakukuwa na nafasi hata moja tupu.

"Safi kabisa," alisema, akafunga vifungo vya koti. Kapteni akampiga risasi ya moyo.

"Imekwisha," Mama Noela alisema. "Twende sasa."

Mumewe hakumsikia. Alikuwa ameshachukua fomu nyingine juu ya rundo, akailaza vizuri juu ya Kitabu, na akamwuliza Kapteni majina yake kamili. Kapteni alibana visigino, akaanza kuyataja moja moja, taratibu, ili yasikosewe.

Mama Noela akageuza mkokoteni. Akatoka nao kwa lango la kaskazini, mtupu, mkeka ukiwa bado safi, na watu wakampisha njia kama wanavyompisha aliyebeba maiti.